Kukataliwa kiraka, kufungiwa, kufutiwa msimbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu migogoro ya miradi huria

Ukurasa huu unawahusu wanaotuma viraka (mabadiliko ya msimbo yanayopendekezwa) na watunzaji, yaani wanaovipokea na kuviamulia. Mifano mingi ni ya kerneli ya Linux, kiini cha mfumo endeshi huo, kwa kuwa ugomvi wa wasanidi wake hufanyika hadharani na barua zake zimehifadhiwa.

Kiraka changu kimekataliwa mara tatu. Ndiyo nimefungiwa?

Hapana. Hapa kuna maamuzi matatu yasiyofanana. Kukataa kiraka ni uamuzi juu ya mistari ya msimbo. Kumfungia mchangiaji ni uamuzi juu ya mwenendo wake, au juu ya kuaminika kwake. Kuondoa msimbo uliokwisha kuingia ni uamuzi juu ya hatari iliyomo ndani ya programu ambayo watu tayari wanaitumia. Kila mmoja unadai ushahidi wake, na mabishano mengi huzuka pale ushahidi wa huu unapobebeshwa ule: mtu ana lugha chafu, basi viraka vyake vizuri vinatupwa, au ana viraka vizuri, basi lugha yake inavumiliwa miaka nenda miaka rudi.

Kimya nacho si adhabu. Mwongozo wa kerneli unamtaka mtumaji asubiri angalau wiki moja kabla ya kukumbusha, na majibu huweza kuchukua wiki mbili au tatu. Kabla hujalalamika, endesha `scripts/get_maintainer.pl` juu ya kiraka chako uone kama kweli ulimtumia mtunzaji wa sehemu hiyo. Viraka vingi "vilivyopuuzwa" vilikwenda kwa mtu asiyehusika.

Watunzaji hukataa viraka kwa sababu zipi hasa?

Sababu kubwa ni kiraka kimoja kubeba mambo manne: kurekebisha dosari, kubadilisha majina ya vigeu, kupanga upya nafasi na kuongeza kipengele kipya. Mpitiaji hawezi kukubali robo tatu, kwa hiyo anakataa chote. Gawa. Badiliko moja, kiraka kimoja, na kila kiraka kiache programu ikijengeka na kufanya kazi, la sivyo atakayetafuta chanzo cha hitilafu kwa `git bisect`, amri ya kujaribu historia ya msimbo hatua kwa hatua, atakwama katikati.

Ya pili ni maelezo mafupi mno. "Rekebisha hitilafu" haisemi kitu. Eleza dosari inaonekanaje kwa mtumiaji, inatokea katika hali gani, na kwa nini njia yako ndiyo sahihi. Kwenye kerneli, kama unarekebisha kosa lililoletwa na badiliko fulani, unaweka mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za mwanzo za utambulisho wa badiliko hilo pamoja na kichwa chake.

Kisha kuna viraka vya usafi, na hapa ndipo wachangiaji wapya wengi huumia. Mtu anafuta nafasi zisizotakiwa katika faili 200 akidhani amesaidia. Mtunzaji anaona jambo jingine: `git blame`, amri inayoonyesha nani aliandika kila mstari, sasa inamwonyesha msafishaji badala ya aliyeandika mantiki, viraka vya wengine vilivyokuwa njiani vinagongana, na marekebisho ya usalama hayaingii tena kirahisi kwenye matoleo ya zamani. Matoleo thabiti ya kerneli hupokea viraka visivyozidi mistari 100, ikihesabiwa na mistari ya jirani. Usafi wa kupindukia unaifanya kazi hiyo kuwa ya mkono.

Je, msimbo mbovu peke yake unaweza kumfanya mtu afungiwe?

Mara chache sana, na haupaswi. Kinachofungisha ni kile kinachofuata baada ya msimbo mbovu: kukataa kuurekebisha, kurudia kosa lilelile baada ya kuelekezwa, au udanganyifu.

Mfano wa kukataa ni wa Aprili 2014. Neno `debug` likiwekwa kwenye amri ya kuwashia kerneli, systemd, programu inayoanzisha huduma za Linux, nayo ililisoma na kumwaga kumbukumbu za matukio (log) nyingi kiasi cha mashine kushindwa kuwaka. Msanidi wa systemd Kay Sievers hakuiona kuwa dosari ya kwao. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akatangaza kwamba hatapokea tena msimbo wake kwenye kerneli hadi tabia hiyo ya kusababisha matatizo na kuwaachia wengine wayatatue ibadilike. Lawama yake ilikuwa juu ya kosa kukosa mwenyewe.

Oktoba 2020 iliibuka sura nyingine. Shindano la Hacktoberfest la DigitalOcean lilitoa fulana kwa waliotuma maombi manne ya mabadiliko, na miradi ikafurika maombi ya kuongeza neno moja kwenye faili ya README. Ndani ya siku chache waandaaji walibadili sheria ili miradi iliyojiandikisha yenyewe tu ndiyo ihesabiwe. Watumaji wengi hawakuwa na nia mbaya, walifuata zawadi. Kwa watu wa namna hiyo, kuzuia maoni ya wageni kwa saa 24 au wiki moja, uwezo ambao GitHub inao kwenye mipangilio ya hazina ya msimbo, hufaa kuliko kufungia majina mia moja mojamoja.

Nini hasa kilitokea kwa Chuo Kikuu cha Minnesota?

Kisa hiki kinatajwa sana, na mara nyingi kwa makosa. Agosti 2020 watafiti wa chuo hicho walituma kwenye kerneli viraka vitano kwa majina ya bandia. Lengo lilikuwa kupima kama udhaifu wa kiusalama unaweza kupenyezwa kwa siri. Uchunguzi wa baadaye wa bodi ya ushauri wa kiufundi ya Linux Foundation, inayojulikana kama TAB, uligundua kwamba viraka vyote vibovu vya jaribio hilo vilinaswa au vilipuuzwa na watunzaji.

Aprili 2021 kundi hilohilo lilituma viraka vingine visivyo na faida, safari hii kwa majina halisi, likisema vimetokana na chombo cha kuchambua msimbo. Watunzaji waliona ni jaribio jingine. Tarehe 21 Aprili Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu wa kerneli, akaifungia anwani yote ya chuo na kutuma pendekezo la kutengua mabadiliko 190. Mengine 68 hayakutenguka kirahisi na yalihitaji mkono wa mtu. Siku tano baadaye waandishi waliiondoa makala yao iliyokuwa imekubaliwa kwenye mkutano wa IEEE wa usalama na faragha.

Ripoti ya TAB ya Mei 2021 ndiyo sehemu ambayo watu huiruka. Mabadiliko 435 yaliyotoka chuoni hapo yalipitiwa upya. 349 yalikuwa sawa. 39 yalikuwa na makosa yaliyohitaji kurekebishwa. 25 yalikuwa yamekwisha kurekebishwa na wengine, 12 hayakuwa na umuhimu tena, 9 yaliandikwa kabla kundi hilo la utafiti halijakuwepo, na 1 liliondolewa kwa ombi la mwandishi wake.

Kwa hiyo kufungia kulikuwa na msingi: waliojaribiwa hawakuombwa ridhaa, na uaminifu ulivunjika. Kutengua kila kitu kwa jumla hakukuwa na msingi huohuo, kwani mabadiliko manne kati ya matano yalikuwa mazima, na kuyatengua kungerudisha dosari zilizokwisha kutibiwa. Kuhusu njia ya kurejea, TAB ilikitaka chuo kiweke wasanidi wazoefu wa ndani wapitie viraka kabla havijatumwa.

Na bcachefs? Iliondolewa kwa ubovu wa msimbo au kwa tabia ya mwandishi wake?

Wanaojibu kwa neno moja wanarahisisha. Bcachefs ni mfumo wa faili wa Kent Overstreet, ulioingia kwenye kerneli toleo la 6.7, Januari 2024. Mzunguko wa kerneli huchukua wiki tisa au kumi. Wiki mbili za mwanzo hupokea mambo mapya. Baada ya hapo, kuanzia toleo la majaribio rc1 hadi rc7 au rc8, ni marekebisho tu. Overstreet alituma mara kwa mara mabadiliko makubwa katika wiki za marekebisho. Hoja yake ilikuwa kwamba mfumo wa faili ukipoteza data za mtu, chombo cha kuziokoa hakiwezi kungoja wiki nane. Hoja ya Torvalds: wiki hizo ni za marekebisho tu, na sheria ya mzunguko ipo ili kosa la mfumo mmoja lisicheleweshe wote.

Pembeni ya hayo kulikuwa na suala la lugha. Novemba 2024, kwa sababu ya maneno aliyomwandikia msanidi mwingine, kamati ya kanuni za maadili na TAB walimwekea kizuizi cha mzunguko mmoja: maombi yake hayakupokelewa katika 6.13. Baada ya hapo alirudi. Juni 2025, katika wiki za 6.16, alituma tena kipengele kipya cha uokoaji pamoja na marekebisho. Torvalds alikipokea, kisha akaandika kwamba anadhani wataachana katika 6.17. Toleo hilo lilipotoka, bcachefs ilikuwa imewekewa alama kwamba inatunzwa nje ya kerneli, na katika 6.18 msimbo wake ukaondolewa. Sasa watumiaji huupata kama moduli inayojengwa kwa DKMS, chombo cha kujenga moduli za kerneli nje ya kerneli yenyewe.

Tazama mpangilio: adhabu ya lugha ilikuwa na mwanzo na mwisho, na iliisha. Kilichomaliza uhusiano ni ratiba. Atakayesema "alifukuzwa kwa matusi" au "alifukuzwa kwa msimbo mbovu" amekosa kote kuwili.

Nani ana mamlaka ya kumfungia mtu?

Inategemea umefungiwa wapi. Mtunzaji wa sehemu anaweza kukataa msimbo wako katika sehemu yake pekee. Kamati ya maadili hupendekeza au huamua kwa mradi mzima. Kwenye kerneli, kizuizi cha namna ya bcachefs hupitishwa na theluthi mbili ya kura za TAB. Jukwaa, kama GitHub au npm (hifadhi ya vifurushi vya JavaScript), lina mamlaka yake na halimsubiri mtu.

Jukwaa hukata kwa upana. Machi 29, 2024, Andres Freund alipofichua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 (aliuona kwa sababu kuingia kwenye mashine ya mbali kwa SSH kulichelewa kama nusu sekunde), GitHub ilifunga hazina pamoja na akaunti ya "Jia Tan" aliyeupanda. Ilifunga pia akaunti ya Lasse Collin, mtunzaji wa asili aliyehadaiwa kwa zaidi ya miaka miwili, ambaye ndiye alikuwa anatakiwa kusafisha. Akaunti ya Collin ilifunguliwa baadaye. Weka nakala ya hazina yako mahali pengine.

Halafu kuna sheria za nchi. Oktoba 2024 majina kumi na moja hivi yenye uhusiano na Urusi yaliondolewa kwenye faili ya MAINTAINERS, orodha ya watunzaji wa kerneli, kwa kile kilichoitwa matakwa ya kisheria. Maelezo ya mwanzo yalikuwa sentensi moja, na ndiyo iliyozua moto. Ufafanuzi kuhusu vikwazo vya Marekani ulikuja siku kadhaa baadaye. Msimbo wao haukuguswa. Hapo hakukuwa na tuhuma ya mwenendo wala ya ubora, na lingesemwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Taarifa ya kumfungia mtu iandikwe nini?

Kitendo chenyewe, chenye tarehe na viungo. Kanuni iliyovunjwa. Mipaka: hazina zipi, vyumba gani vya mazungumzo, mikutano ipi. Muda na tarehe ya mwisho. Njia ya rufaa, na jina au anwani ya atakayeisikiliza, ambaye asiwe yule aliyegombana naye. Haya yote hayazidi nusu ukurasa.

Contributor Covenant, kanuni zinazotumiwa na miradi mingi, katika matoleo ya 2.0 na 2.1 zina ngazi nne: kusahihishwa, onyo, kufungiwa kwa muda, kufungiwa kabisa. Kuruka ngazi kunaruhusiwa kwa udanganyifu au vitisho. Kwa ubishi wa mtindo wa msimbo, kuruka ngazi kunakuachia ugomvi wa miezi.

Usichapishe faragha za waliolalamika. Lakini kutochapisha chochote ni kosa pia: uvumi hujaza nafasi, na hauandiki kwa haki.

Tumeamua kumwondoa mtunzaji mwenzetu. Tufunge nini?

Anza na yale ambayo watu husahau. Haki ya kuchapisha vifurushi kwenye npm, PyPI au kwingineko haiondoki kwa kumtoa mtu GitHub. Ni orodha tofauti kabisa. Funguo za kupelekea msimbo (deploy keys) zilizowekwa kwenye hazina ya GitHub hazifungamani na mtu, kwa hiyo hubaki hai hata aliyeziweka akiondolewa. Siri (nywila na funguo) za mitambo ya majaribio alizowahi kuziona zihesabiwe zimevuja: zibadilishe zote. Jina la kikoa limesajiliwa kwa nani? Akaunti ya michango ya fedha? Nani ana nenosiri la barua pepe ya usalama?

Baada ya hayo, mtoe kwenye shirika, ondoa jina lake katika CODEOWNERS, faili inayotaja wapitiaji wa kila sehemu, na kagua nani anaweza kupita ulinzi wa tawi kuu. GitHub inaruhusu shirika kumzuia mtu kwa siku 1, 3, 7, 30 au bila kikomo. Chagua muda uliotajwa kwenye taarifa, usichague "bila kikomo" kwa uvivu.

Haya yafanyike ndani ya saa moja na watu wawili. Januari 2022 mwandishi wa colors na faker, vifurushi vya npm, aliviharibu vifurushi vyake mwenyewe kwa makusudi. Colors ikawa inazunguka bila mwisho na kuangusha programu zilizoitegemea. Aliyekuwa na ufunguo hahitaji muda mrefu.

Msimbo wa aliyefungiwa uondolewe?

Sivyo kwa chaguo-msingi. Ukifungia kwa mwenendo, msimbo ubaki. Ukifungia kwa udanganyifu, kagua:

`git log --author=anwani --oneline` ikupe orodha. Tafuta pia kwa barua pepe nyingine alizotumia. Gawa orodha katika mafungu: yanayogusa uthibitishaji wa utambulisho, kumbukumbu ya mashine na mfumo wa kujenga kwanza; nyaraka mwisho. Usisahau faili za majaribio: mlango wa xz ulifichwa ndani ya faili za majaribio zisizosomeka kwa macho, na sehemu iliyouwasha ilikuwa kwenye vifurushi vya toleo tu, haikuwa kwenye hazina. Kwa hiyo linganisha kifurushi kilichochapishwa na msimbo wa Git.

Kila badiliko lipitiwe na mtu asiyehusika na ugomvi. Lenye kasoro litenguliwe kwa `git revert`, moja baada ya jingine, kila moja likiwa na sababu yake iliyoandikwa. Kuandika upya historia ya tawi kuu kunavunja nakala za kila mtu na kunafuta ushahidi.

Aliyefungiwa anaweza kudai msimbo wake urudishwe?

Hakimiliki inabaki yake, isipokuwa aliihamisha kwa mkataba. Leseni aliyokwisha kuitoa ni jambo jingine. Mwaka 2018, kerneli ilipopokea kanuni mpya za maadili, kulisikika vitisho vya watu kuondoa ruhusa ya msimbo wao. Software Freedom Conservancy ilitoa ufafanuzi kwamba GPLv2, leseni ya kerneli, haitenguki kwa namna hiyo.

Anachoweza kufanya ni kuondoa alichokichapisha yeye mwenyewe. Machi 2016 msanidi mmoja aliondoa vifurushi vyake npm baada ya mzozo wa jina, kikiwemo left-pad cha mistari 11, na ujenzi wa programu nyingi ukasimama. npm ilikirudisha, kisha ikabana masharti ya kuondoa vifurushi.

Viraka vya akili mnemba vifungishe mtu?

Miradi haikubaliani. Gentoo, mojawapo ya matoleo ya Linux, ilipiga marufuku michango ya namna hiyo Aprili 2024, mfumo endeshi wa NetBSD Mei mwaka huohuo, na QEMU, programu ya kuiga mashine, mwaka 2025. Daniel Stenberg wa curl, chombo cha kuhamisha data mtandaoni, alitangaza 2025 kwamba anayetuma ripoti za usalama za kubuniwa na mashine atafungiwa papo hapo, na Januari 2026 mradi ukaamua kufuta kabisa zawadi za fedha kwa ripoti.

Tatizo la marufuku ni ushahidi, maana sentensi laini si uthibitisho. Uliza maswali mawili: dosari inarudiwaje, kwa amri zipi? Na kwa nini umebadilisha mstari huu badala ya ule wa juu yake? Aliyeandika hujibu, hata kwa Kiingereza kibovu. Ambaye hakuandika hutuma aya sita nyingine. Hii inawalinda pia wachangiaji wa kwetu wanaotumia mashine kunyoosha lugha tu, ambao wameshaanza kushukiwa bure.

Tukijitenga na kuanzisha mradi wetu, tutafika?

Wengine hufika. Theo de Raadt aliondolewa NetBSD Desemba 1994, akaanzisha OpenBSD Oktoba 1995, na humo ndimo ilimotoka OpenSSH mwaka 1999. Libav ilijitenga na FFmpeg, mradi wa programu za video na sauti, mwaka 2011 ikidai mapitio makali zaidi ya msimbo. FFmpeg ikawa inachukua mabadiliko ya Libav pamoja na yake, na mwaka 2015 Debian, toleo la Linux lililokuwa limehamia Libav, ikarudi FFmpeg. Ukali wa mapitio bila watu wa kutosha wa kupitia ulizaa foleni. XLibre, mradi uliojitenga na X.Org (programu ya kuonyesha madirisha kwenye skrini), iliyotangazwa na Enrico Weigelt Juni 2025 wakati akifungiwa kwenye freedesktop.org na mengi ya mabadiliko yake ya X.Org yakitenguliwa, bado ni changa mno kuhukumiwa.

Leseni inakupa msimbo. Haikupi jina la mradi, nembo, kikoa wala watumiaji.

Nimefungiwa kwa haki au kwa kuonewa, lakini nimegundua udhaifu wa kiusalama. Nifanyeje?

Usifungue akaunti mpya kuuripoti. Kukwepa kizuizi ni kosa jipya, na ripoti yako itafutwa bila kusomwa. Tuma barua kwa anwani iliyo katika SECURITY.md, taja toleo, hatua za kuurudia, na useme wazi kwamba umefungiwa. Kwa mtunzaji anayesoma hapa: sanduku hilo lisiwe na kizuizi cha mtu yeyote.

Usipojibiwa, pitia mpatanishi. CERT/CC, kituo cha kuratibu ripoti za udhaifu cha Carnegie Mellon, kwa kawaida hutangaza udhaifu siku 45 baada ya kuwasiliana na wahusika. Kwa walio nyumbani kuna TZ-CERT chini ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na KE-CIRT/CC chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Na kama dosari inagusa mifumo ya Linux kwa upana, orodha ya linux-distros hupokea ripoti za siri, ila haishiki siri zaidi ya siku 14: ukituma huko, uwe na kiraka tayari.